Mita Moja na Themanini

Sheria yetu sisi wapimaji ni fupi:
mahali ambapo dari haifiki mita moja na themanini
si mahali. Hapaingii kwenye hati,
hata kama kuna mtu alizaliwa hapo.

Jumanne moja ya Novemba nilipanda ngazi za mawe,
orofa ya tano, kilima cha Croix-Rousse, Lyon,
ngazi zilizolika katikati kama sabuni.
Dalali, Ludivine, alishatangulia. Anafungua madirisha,
anatunga tangazo kwa sauti:
"Nyumba ya wafumi wa hariri, karne ya kumi na tisa,
dari mita nne, mihimili ya mwaloni,
vigae vyekundu vya pembe sita, nuru ya kusini..."
Mwenye nyumba, Bi Solange Chavassieux,
alikuwa amekaa juu ya sanduku, koti mwilini,
kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe.

Nikaielekeza leza. Doa jekundu likaruka ukuta wa pili.
Sebule, thelathini na moja nukta mbili.
Chumba, kumi na nne na nusu.
Jiko, tisa, ukiondoa bomba la moshi.
Bafu na ujia, sita nukta saba.
Urefu wote ule wa dari, alisema Solange,
haukuwa wa watu. Ulikuwa wa mtambo.
Mtambo ulisimama wima;
watu walijikunja walikopata nafasi.

"Na kule?"
Juu ya jiko palikuwa na uchaga wa mbao,
ngazi ya vidato saba, pazia lililopauka.
Nikapima nikiwa chini: mita moja na sitini na mbili.
"Kule hakuhesabiwi, Bibi."
Ludivine akaongeza, kwa wema kabisa:
"Wanunuzi watauvunja. Dari itapumua."

Solange akavua viatu.
Ana miaka sabini na minne. Akapanda bila kushika.
Nikamfuata, maana ngazi ilikuwa ikilalamika.
Kule juu aliinamisha kichwa, mara mbili,
bila kutazama, kama mtu anayeitikia salamu:
mhimili wa kwanza, mhimili wa pili.
Mimi wa kwanza niliuona.
Wa pili ukanipata kipajini.

"Kila mgeni," akasema,
na huo ndio utani pekee alioutoa siku ile.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hapa tulilala watatu, miguu kwa vichwa,
joto la jiko likipanda na harufu ya vitunguu.
Hapa mama, Eugénie, alipinda kingo za skafu usiku kucha
kwa ajili ya duka la ng'ambo ya mto Saône
ambalo hakuwahi kuliingia kwa mlango wa mbele.
Kaka yangu Aimé alipofika miaka kumi na minne
alishusha godoro lake, bila neno.
Tulimcheka. Kisha tukamwonea wivu.
Hapa niliambiwa baba hatatoka hospitali;
nikataka kusimama nilie,
nikakumbuka hapasimamiki.

Akapitisha kiganja kwenye mhimili. Ulikuwa unang'aa,
mweusi, laini kama mpini uliozeeka mkononi.
Haujapakwa nta. Ni nywele zetu.

Nilikuwa na kalamu. Fomu ina visanduku ishirini na viwili.

Chini, Ludivine alikuwa kwenye simu:
ndiyo, sitini na moja na kitu,
ndiyo, Alhamisi, mkishuka treni ya Nantes,
hapana, hakuna lifti, lakini haiba!

Hati niliitia sahihi palepale, kando ya sinki:
sitini na moja nukta nne.
Ni hesabu ya kweli. Ningeiapia mahakamani.
Solange akaisoma, akairudia kama anayehesabu chenji,
akaandika jina lake bila kubishana,
akaanza kutafuta viatu vyake.
Viko juu, nikamwambia. Haviko juu, akasema,
na kweli vilikuwa pale pale alipoviacha, chini ya ngazi.

Usiku ule mke wangu alinigusa kipaji.
"Nyumba ilikuwa kubwa?"
Nundu ilikuwa bado ya moto.
Nikazima taa, nikainama kidogo kuingia kitandani,
chini ya dari yetu
ya mita mbili na nusu.