Wimbo wa Nne

Albamu ya Verna Stidham ilifika dukani Jumanne
pamoja na misumari, chumvi ya ng'ombe
na mbegu za maharage zilizochelewa.
Nakala kumi na mbili, boksi limelowa pembe moja.
Nikaziweka kando ya mashine ya kulipia,
palipokuwa na viberiti.

Sikutarajia kitu.
Verna tunamjua. Alisoma na dada yangu,
alifukuzwa kwenye kwaya kwa kudakia zamu za wenzake,
akaenda Nashville, akarudi milimani kimya kimya
na gitaa lenye ufa, na gari la kuazima.
Nabii hakubaliki kwao;
hapa Kentucky hilo halihitaji mahubiri.

Nikaicheza huku napanga mikebe ya rangi.
Wimbo wa kwanza, nikapanga.
Wa pili, nikapanga.
Wa tatu una fidla, nikapigapiga mguu kidogo.
Wa nne
ulinikuta na mkebe mkononi,
na mkononi mkebe ukabaki.

Hauna makeke. Gitaa moja, na pumzi yake
unayoisikia ikiingia kabla ya neno,
kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango
asijue abishe hodi au arudi.
Anaimba habari za kiti cha jikoni
ambacho baba yake alikikaza mguu
usiku ule mgodi ulipofungwa,
kwa kuwa mikono yake haikujua kulala.
Basi. Hicho tu.
Machozi hakuyataja popote.
Machozi alituachia sisi.

Orville Caudill alikuja kununua waya wa ua.
Yeye na nduguye Hobart hawasemezani, mwaka wa kumi na moja huu,
kisa kipande cha mpaka kisichotosha kulaza mbwa.
Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho.
"Ni yule binti wa Clell?"
Ndiye, nikamwambia.
Akalipia waya, akalipia na sidii,
akaenda kukaa ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa,
injini inanguruma bure saa nzima nje ya duka.
Waya aliusahau juu ya kaunta.
Mpaka leo hajaufuata,
nami sijamkumbusha.

Twila, muuguzi wa zamu ya usiku,
humchezea mzee wa chumba cha sita
aliyepotewa na majina ya wanawe.
Anasema wimbo ukifika kwenye mguu wa kiti
vidole vya mzee huanza kukaza skrubu hewani.

Usidhani ni msiba mtupu.
Wimbo wa saba mume kaondoka na kikaango,
na Verna, beti tano nzima, anadai kikaango tu.
Vijana wa lori la magogo wanauimba wakijaza mafuta,
kila mmoja kwa ufunguo wake, wote wamekosea.

Jumamosi kengele ya mlango ikalia, akaingia mwenyewe,
viatu vya mvua, kitambaa kichwani,
anataka mfuko wa chakula cha kuku.
Tulikuwa watu saba.
Sisi si watu wa kupiga makofi mbele ya misumari.
Tukaitazama sakafu kana kwamba tumeangusha senti.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga wiki nzima kama mikebe.
Yakagoma.
Nikauliza, "Kuku wanataga?"
Akajibu, "Wanajitahidi."

Orville, na mgongo wake ule mbovu,
akauinua mfuko begani, akaupeleka garini,
akaufunga kamba mafundo matatu
palipotosha moja.
Twila akashika mlango, ingawa haukuwa ukijifunga.

Verna akatutazama, mmoja baada ya mwingine.
Pumzi ikaingia. Niliisikia, ile ile
inayokuja kabla ya neno.
Kisha akaondoka bila kulisema.

Kwenye risiti nilimwandikia nusu ya bei.
Nadhani hakuiona mpaka alipofika kwake.
Au aliiona palepale.