Yadi Mbili

Mlangoni kwa masista, pale Bukavu inapoteremkia ziwani,
ndoo ina bomba na maji yananuka javeli.
Nanawa. Kijana wa kipimajoto ananilenga pajini,
anasoma namba, anaandika: Nsimire,
saa tisa na dakika kumi.
Nina robo saa.

Mama yuko ng'ambo ya kamba.
Tangu ugonjwa wa malengelenge uingie Kadutu
hakuna amgusaye mzee kwa mkono mtupu.
Lakini macho ya mama yalizimika zamani,
na sikio lililobaki lina kutu.
Kwake mimi ni kiganja tu.

Juma lililopita nilivaa glavu.
Aliipapasa kidole kwa kidole,
akanishukuru kama mtu wa mbali:
"Aksanti, dokta. Mutoto wangu atakuja siku gani?"

Simlaumu Sista Ombeni.
Mwaka jana alifumba macho ya wazee wanne kwa siku sita,
na kikohozi kile kililetwa na mjukuu mwema,
mwenye keki, mwenye mabusu.
Sista huwataja wale wanne taratibu,
kama mtu anayehesabu funguo na kukuta pengo.

Leo nimeleta kitenge.
Kimechemshwa, kikalowekwa, kikasuuzwa mbele yake.
Anakipima kwa jicho: yadi mbili.
Kamba inadai mita mbili.
Anatazama dirisha.
"Mikono yako ni mirefu," anasema.

Ncha moja kwa mama, ncha moja kwangu.
Kwanza hajui. Anashika tu, kwa adabu.
Halafu ubaridi unamfikia
na viganja vinakumbuka kabla yake:
mashuka ya hoteli tuliyofua kwa ujira,
jiwe letu, povu,
yeye akisokota, mimi nikisokota,
na shuka likizunguka bure katikati yetu
kwa sababu mmoja wetu alizaliwa kinyume.

Nasokota.
Kitenge kinabingirika hewani, hakikamuki.

Mama anasimama wima, ghafla ana miaka arobaini:
"Mashoto wewe! Pindua mukono, Nsimire!
Maji haitoke!"

Sipindui.
Acha anigombeze kidogo.
Kisha napindua, na maji yanaanguka
mstari mrefu sakafuni, chini ya kamba na kuivuka,
upande wake, upande wangu.

Sista anaangalia saa. Anaangalia maji.
Anakwenda kutafuta tambara la deki,
na hajawahi kutembea polepole hivi.