Kikao cha Nne, Ghubra

Ofisi iko juu ya duka la mapazia,
ngazi ishirini na mbili, lifti mbovu tangu Rajabu.
Nimezihesabu kwa kuwa Zahran alikuwa nyuma yangu
na sikutaka kusikia anavyohema.

Meza ya mviringo, haina kichwa.
Wakili wangu, Bi Thuwaiba, na wakili wake, Mundhir,
walitia saini mbele yetu siku ya kwanza:
mmoja wenu akikimbilia kortini kushtaki,
sote wawili tunaondoka, mtatafuta wengine, mtaanza alifu.
Kwa hiyo hapa hakuna anayelipwa kwa kelele.
Kadhi tutamwona mwishoni, mara moja,
tumpelekee karatasi iliyokwisha kukauka wino.

Mama alicheka kwenye simu, yuko Ibra:
"Zamani mwamuzi wa kwao na mwamuzi wa kwetu
walikuwa ami zenu na sinia ya halua.
Nyinyi mnawalipa watu kwa saa!"
Ndiyo, mama. Ami Seif angeniambia, vumilia.
Bi Thuwaiba aliniuliza, unataka nini?
Nikakaa kimya dakika nzima,
na dakika ile pia niliilipia.

Bwana Pratap, mhasibu, katoka Ruwi, hajui Kiswahili.
Hasira zikipanda tunamkimbia kwa lugha ya nyumbani,
naye hungoja, kalamu hewani,
kama mtu anayesubiri magari yapungue avuke.
Nyumba ya Mabela, mkopo umebaki miaka tisa.
Kiwanja cha Barka, mitende kumi na minne, saba haizai.
Mahari yaliyobaki. Eda. Matunzo.
Na mbuzi ya bibi, ya kukunia nazi, iliyotoka Unguja.
Zahran akamtafsiria neno moja tu, mbuzi,
naye akaandika kwenye orodha: mnyama, mmoja.
Tulicheka, mimi na Zahran,
kisha tukaona haya kwamba tumecheka pamoja.

Akageuza ukurasa, akaweka kidole.
"Hii sikuielewa. Riali ishirini na tano,
kila mwezi, miaka sita. Kwa Kumari, Ibra."

Kumari ndiye anayemkanda mama miguu.
Siku zote nilidhani analipwa na kaka yangu.

Zahran alikuwa anatazama zulia.
Msidhani moyo wangu ulilainika. Nilighadhibika:
miaka sita tumelala tumepeana migongo
na ulikuwa na neno zuri namna hii mfukoni,
ukaliacha lije kusemwa na benki!
Hayo kwa Kiswahili. Bwana Pratap akangoja.
"Ulikuwa huniulizi," akasema Zahran,
na sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli, sikuuliza,
hata hapo nilipotaka sana kujua.

Hatukurudiana.
Mundhir aliandika mume ataendelea kulipa, nikakata.
Nitalipa mimi, ni mama yangu.
"Nusu," akasema Zahran. Basi, nusu.

Bi Jokha, wa watoto, alifungua bahasha mwisho.
Amekaa nao Jumamosi mbili, bila sisi.
Tulijikaza, tukidhani patasomwa machozi.
Raya: paka abaki Mabela, ameshauzoea ukuta.
Azzan, miaka kumi na mmoja, mambo mawili:
chaja mbili, moja kila nyumba, asibebe.
Na hili: *nikirudi msiniulize kule nimekula nini.*

Mkasi ulisikika dukani chini,
kitambaa kirefu kikichanwa, hakiishi.
"Chaja ya aina gani?" akauliza Zahran,
sauti imemkwama. Bi Jokha akamwonyesha.

Kushuka, alitangulia yeye.
Mlango wa chini ni wa chuma, na jua la Juni limeupika;
aliushika kwa kiganja kitupu mpaka nikapita.
Sikushukuru. Nilimuuliza, labda kwa mazoea,
kama amekula.
"Bado," akasema.
Kila mtu akaliendea gari lake.