Pakiti ya Eulalia

Pakiti kaileta Lesilwa, mtoto wa dada yangu,
anayechemshia wageni kahawa kule mjini, karibu na stesheni.
Tupu. Kasema, "Mama mdogo, wewe hutupi kitu."
Kweli. Situpi kitu.

Mbele kuna picha ya mwanamke.
Kofia pana, shuka begani, viganja viwili
vimejaa buni nyekundu, kubwa kama zabibu zangu za mwanzo.
Jina lake Eulalia. Lesilwa analitamka
kama anayeonja uji wa moto.
Nyuma wameandika: anaishi mlimani, Peru,
eka mbili na nusu, watoto wanne,
hatumii dawa za viwandani,
na amelipwa bei ya haki.

Nikauliza: nani alimuuliza?
Lesilwa akacheka. Mimi sikucheka.
Maana kahawa ya Mbinga ipo, ya Moshi ipo;
hii imevuka bahari kuja Dodoma kufuata nini
kama si kuniletea mwenzangu?

Eulalia,
mimi ni Nyendo, wa Mpunguzi. Eka moja na robo, zabibu.
Mvua yetu ni kama mdaiwa: ikituona inakata kona.
Mbolea yangu ni samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni.
Mwaka juzi alikuja bwana wa cheti cha kilimo hai,
viatu safi, fomu kurasa kumi na tisa.
"Umeacha lini kutumia kemikali?"
Sijaacha, baba. Sijawahi kuzimudu.
Akatafuta kisanduku cha kutilia tiki jibu hilo,
hakukiona, akaandika pembeni kwa penseli.
Gharama ya cheti akaitaja polepole
kama daktari anavyotaja ugonjwa.
Tukapiga hesabu chamani, watu thelathini na wanane:
mavuno yote ya Agosti,
na mbuzi wa Chilongani juu yake.

Sasa niambie yasiyoandikwa kwenye pakiti.
Mzani wa kwenu unakaa wapi? Uani kwa mnunuzi,
au mahali unapoweza kuuzunguka?
Wetu aliuleta mwenye lori.
Kreti ya kilo ishirini ikipanda pale inakonda, kumi na saba.
Na zabibu hazijui kungoja; ukibishana hadi saa nane
jua linamtetea yeye.
Wewe buni unaianika, inakauka, inasubiri bei.
Hapo nakuonea wivu, sikufichi.

Na hiyo haki, walikutilia mkononi
au ilikomea kwenye karatasi hii inayong'aa?
Usinijibu haraka. Natazama macho yako, hayatazami kamera,
yanatazama kitu kilicho kando yake.
Mtoto anayelia? Mbwa? Karani?

Nakuuliza kwa sababu mwezi jana na mimi nilipigwa.
Binti mpole, kamera shingoni.
"Inua kichala, mama, cheka kidogo, ni ya lebo ya chupa."
Nikamwambia: kwanza piga mzani.
Piga mshale wake, hapo hapo unaposimama.
Halafu nipige mimi nikiwa pembeni, mdomo nimefunga.
Akapiga. Alikuwa na adabu.
Sijui kama wataitumia.

Mzani ule ni wetu. Tuliununua Juni kwa michango, mtumba,
tumeufunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala.
Mwenye lori aliutazama, akatazama saa yake,
akasema atarudi Jumatatu.
Jumatatu mbili zimepita.
Vichala vinaanza kulainika, nyuki wamejua kabla yetu,
na jana usiku wawili kati yetu walinong'ona
kwamba tungemwacha tu na kumi na saba zake.
Siwalaumu. Ada za shule hazina msimu.

Ndani ya pakiti yako nimetia stakabadhi,
za michango, za madeni, zote.
Mahinyila, mhasibu, akizitoa siku ya kikao
ghala zima linanukia kahawa
ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeinywa.