Tundu la Likombe

Ghala jipya la Likombe halina vichochoro.
Ishirini kwa ishirini, trei imebana trei,
korosho zimejaa kama punje kwenye gunzi,
na humo ndani, mahali pasipotulia,
tundu moja tupu.

Mimi ndiye ninayelipangia safari.
Mashine ina nguvu, haina shauri:
itasukuma kulia, kushoto, mbele, nyuma,
mradi tu inapokwenda pasiwe na mtu.
(Pasiwe na gunia. Nimekosea. Ni usiku.)

Saa saba, simu:
trei ya mia mbili kumi na nne, mzigo wa Nanyamba,
itoke kabla ya lori la alfajiri.
Iko safu ya kumi na moja, nyuma ya Newala,
ubavu kwa ubavu na Tandahimba.

Nikashika kalamu kabla ya kuiamini kompyuta.
Trei ikisogea hatua moja mbele
tundu hubaki kisogoni mwake;
lazima lizunguke, hatua nne za pembeni,
ndipo ya tano iwe ya trei.
Lakini nikikata pembe,
kushoto, mbele, kushoto, mbele,
ni tatu kwa moja. Sitini badala ya mia.
Kumbe njia iliyonyooka ndiyo ndefu.

Jumatatu meneja Nandonde alilisimamia hilo tundu
akapigapiga kikokotoo:
tani nzima hapa, Somoe, tunalipia hewa.
Lijazeni.
Nikamwambia, ukilijaza, mkuu,
huna ghala tena, una ukuta.
Akanitazama. Akaenda kunywa chai.

Sikumwambia habari za Chuno,
chumba kimoja, mkeka mmoja, sisi saba.
Usiku mtu akitaka kugeuka, hawezi.
Mama alikuwa akinyanyuka kimya,
anakaa kizingitini na kanga mabegani,
na sisi tunageuka,
mmoja, kisha mwingine, hadi ukutani.
Nilidhani hana usingizi.

Saa kumi na robo Nanyamba ikafika mlangoni,
vumbi juu, kamba ya katani imelegea upande mmoja.
Wapakizi wakaishusha.
Nikabaki na matundu mawili,
nikajiona tajiri, nikaanza kupanga
wa karibu kutoka wakae karibu, wa Januari nyuma.

Nje, lori la Kitangari likapiga honi.