Dakika Moja ya Kimya

Si mimi niliyekosea. Nataka hilo liandikwe mwanzo.
Mimi nimekaa sebuleni, Swansea, mguu mmoja una soksi,
mvua inakojoa dirishani kama mlevi asiye na haraka,
na Gethin, mwenye nyumba, ameikumbatia rimoti.

Kwenye runinga yumo Clement Prosser,
mtangazaji wa asubuhi, mtu wa kubuni,
ametungwa na wenye akili zao ili atutese.
Suti ya rangi ya haradali. Nywele zimepangwa
mojamoja, kama viti vya harusi isiyo na wageni.

Mtabiri wa hali ya hewa amefariki.
Mjane yuko kwenye kochi la studio, mkoba magotini,
na Clement anatuomba dakika moja ya kimya.
Moja tu. Hata jiwe lingeiweza.

Sekunde ya tano anameza mate; maikrofoni imesikia.
Ya tisa ananong'ona: "Tunaendelea vizuri."
Ya kumi na nne: "Kwa mliojiunga nasi sasa hivi,
hiki ni kimya."

Nauma mto.
Gethin anacheka mpaka chai inamtokea puani.
Mimi natafuta mlango.

Ya ishirini na mbili anamgeukia mjane,
anampa peremende.
Karatasi yake, ee Mola, karatasi ya peremende
inavyolia! Makuti yameshika moto.
Mama wa watu haimung'unyi, haitemi.
Imemkaa shavuni kama jipu.

"Tuko nusu," asema Clement. "Marehemu angependa kujua
kwamba mchana kutakuwa na vipindi vya jua."

Kwetu tulilelewa na neno sitara.
Mtu akijamba msibani, shangazi Mwanakheri
hukohoa, kikohozi kikubwa, cha kujitolea,
kisha akakohoa wa pili, wa tatu, mpaka matanga mazima
yakawa na kifua kikuu, na mwenye kosa
akaondoka na heshima yake kama alivyokuja nayo.

Hapa hakuna anayekohoa.
Kamera haipepesi. Imelipwa isipepese.
Inamsogelea usoni, polepole, mpaka naliona
tone la jasho likitafakari pa kuteremkia.

Basi nikakohoa mimi.
Kwenye kochi la kupanga, kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.
Gethin akaniangalia: "Uko sawa?"
Ningemweleza nini? Nikakohoa tena.

Sekunde ya hamsini na nane
simu inalia mfukoni mwa Clement.
Anaipokea.

*

Jumatatu, mkutano wa ghalani.
Rhiannon, msimamizi, akauliza nani ana swali.
Nikasema: hapana, asante, mama.

Si ule mama wa kwetu, wa adabu,
unaompa hata muuza vitumbua.
Nilitumia neno lao, la mtoto kwa aliyemzaa,
mbele ya watu kumi na wawili na ubao wa ratiba.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu.
Nikahesabu. Ya tatu. Ya nne. Rhiannon
akaifungua kalamu, akaifunga.
Ya saba, kutoka nyuma, karibu na mashine ya kahawa,
mtu akakohoa.

Huenda ni mafua.
Ni Februari, na huku kila mtu ana mafua.