Kidole Kimoja

Siku ya ishirini na saba bila mshahara
niliamka gizani kama kawaida,
nikakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki,
maana kadi ile haikuwa na kazi nyingine.

Omaha ilikuwa nyeupe hadi kwenye nyaya za umeme.
Huko mji mkuu walikuwa wamefunga serikali
kama watu wawili wenye duka moja waliokosana,
kila mmoja akiapa
kwamba ufunguo uko mfukoni mwa mwenzake.

Mimi ni mlinzi, mahakama ya wahamiaji, mlango wa chini.
Mlango, waliniambia, ni wa lazima.
Anayeulinda si lazima ale.

Ukumbini televisheni haizimwi.
Wa tai nyekundu anasema: ni wao,
wanataka mpaka uachwe wazi kama zizi lisilo na komeo.
Wa tai ya buluu anasema: ni wao,
wametushika koo ili tuwajengee ukuta.
Vidole juu. Vidole vyenye pete.
Na shemeji yangu Lyle hunipigia kila jioni
kunifundisha nimchukie nani.
Lyle anauza matrekta. Mshahara wake unaingia.

Saa mbili na robo akaja mtu na binti yake.
Koti la kuazima, mikono yake imeishia mbali na viganja;
faili limefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki,
mmoja juu ya mwingine, kama nyama ya safari.
Walitoka Lexington, kwenye kiwanda cha ng'ombe,
saa tano za barabara iliyojaa theluji.
Wakasimama mbele ya karatasi niliyoibandika mwenyewe:
KESI ZOTE ZIMEAHIRISHWA.
Binti akaisoma kwa sauti. Kisha akaisoma tena,
polepole, kwa lugha ya baba yake,
kana kwamba huko ingesema kitu kingine.

"Miaka mitatu," akaniambia, "tumeingoja leo."
Baba akaitazama televisheni.
Akauliza jambo. Mtoto akasita.
"Anauliza, hao wanagombana juu yetu?"

Ningejibu nini?
Ningesema si nyinyi, ni bajeti.
Ningesema ndiyo, na usiku mmoja mimi pia,
nikihesabu makopo ya maharage na mke wangu Noreen,
nilisema ni nyinyi,
nikaona jinsi neno lile linavyoshibisha haraka
na kuacha njaa palepale.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na kule wameinua mia tano, kimoja kimoja,
kila kimoja kimemnyookea jirani,
na chawa ametulia kichwani petu
ananenepa.

"Basi anaomba muhuri," binti akasema.
"Kwamba tulifika. Wakisema hatukuja,
watamrudisha bila kumsikiliza."

Muhuri uko ghorofa ya tatu, nyuma ya kufuli.
Mimi nina redio, tochi, na kalamu.
Nikatoa mfukoni risiti ya chakula cha msaada
niliyopewa jana kanisani,
nikaigeuza, nikaandika mgongoni mwake:
Bwana Eliseo Tsoc alifika. Saa mbili u nusu.
Nilimwona. Nikaweka sahihi,
jina langu lote, na namba ya beji.

Sijui karatasi ile itafaa nini mbele ya hakimu.
Sahihi ya mtu asiyelipwa,
nyuma ya orodha ya mchele na tambi.

Baba akaipokea kwa mikono miwili.
Binti akachungulia, akakunja uso.
"Umekosea," akasema. "Ni zeta, si s."
Televisheni ilikuwa bado inatafuta mkosaji.
Nikaomba karatasi irudi. Nikafuta.
Nikaandika upya: Tzoc.